Nyumba Waliyoiruka

Kwaresima hii niliamua kufunga hasira. Wengine wanafunga nyama, wengine wanafunga soda, na jirani yangu alitangaza kwamba anafunga umbea, tukacheka mpaka na yeye akacheka. Mimi ni msusi. Nashinda nimesimama nyuma ya vichwa vya watu, nasikia kila kitu, na domo langu halina breki. Nikasema basi, mwaka huu nimpe Mungu kitu ambacho kukiacha kutaniuma kweli. Nikapakwa majivu Jumatano asubuhi, nikatoka kanisani mpole kama mtu mwingine. Yale majivu hayajafutika usoni, nimeshafungulia.

Aliyenifungulisha ni mwenyekiti wa jumuiya yetu, mama mmoja muuza vitambaa, mnene wa sauti. Katika jumuiya yetu, kila Ijumaa ya Kwaresima tunafanya Njia ya Msalaba, ile sala ya vituo kumi na vinne vya mateso ya Yesu, kwenye nyumba ya mmoja wetu, na tunazifuata nyumba kama zilivyopangana kwenye kichochoro. Hakuna kuchagua. Ikifika zamu yako unafagia uwanja, unatandika mkeka, unaweka msalaba na mshumaa mezani, watu wanakuja. Sasa mwenyekiti akasimama nje ya kanisa akaanza kutaja: Ijumaa ya kwanza kwa fundi viatu, ya pili kwa nesi. Nikamwangalia. Kati ya nyumba ya fundi viatu na nyumba ya nesi kuna nyumba nyingine, ina mlango wa bluu na watu wote pale wanaijua. Ni ya dada yangu.

"Mwenyekiti," nikamwita, "na kwa dada?"

"Ah, yule tumempumzisha," akajibu, huku anafunga mkoba wake. "Ana mambo mengi, maskini."

Tumempumzisha! Kama ng'ombe wa kulimia! Dada mwenyewe alikuwa amesimama hatua chache pembeni, anasikia, anaangalia viatu vyake. Nilimwambia mwenyekiti maneno ambayo siwezi kuyarudia, na mfungo wangu ukaishia hapo.

Ili unielewe, lazima umjue dada yangu. Ni dobi wa hospitali. Kazi yake ni mashuka: yanakuja na damu, na matapishi, na kila kitu kinachomtoka mwanadamu, na yeye na wenzake wanayachemsha, wanayakamua, wanayakunja wawili wawili, huyu anashika pembe huku na yule kule, wanavuta, wanasogeleana, wanaachana. Mikono yake imebabuka kwa sabuni. Watu wanamwita Mama Pasi kwa sababu hajawahi kuonekana na nguo yenye kunyanzi. Mume alimwacha, mtoto wao akiwa bado anatambaa, akahamia mji mwingine, huko akaoa, akatusahau. Dada hakumsema. Mimi ndiye niliyemsema, tena mpaka leo namsema.

Na kwa miaka mingi nguo za altare zilikuwa zake. Kanzu za padri, vitambaa vya meza, na vile vitambaa vya zambarau vya kufunikia misalaba na sanamu siku za mwisho za Kwaresima. Alikuwa anavifua kwa mkono, anavipiga pasi nyumbani kwake, halafu anakwenda mwenyewe kuvibana kwa pini. Vikishabanwa, hakuna anayevigusa hadi usiku wa Pasaka. Hata padri havigusi.

Mwanawe alilijua hilo. Ndiyo maana akafanya alivyofanya.

Alikuwa kijana wa mitambo pale kanisani. Yeye ndiye aliyefunga spika, yeye ndiye anayepima maikrofoni, tukamwita Fundi Mitambo na tukajivuna naye. Miaka miwili iliyopita, wiki ile sanamu zilipokuwa zimefunikwa, amplifaya mpya ya kanisa ikapotea. Kelele zikawa nyingi. Polisi wakaja wakamchukua mlinzi wa usiku, mzee wa watu mwenye wajukuu, kwa sababu mlinzi ndiye huchukuliwa siku zote. Fundi Mitambo akasimama pale na sisi, anatikisa kichwa, anasema dunia imeharibika.

Kesho yake dada akapita kanisani kusali. Akaangalia kile kitambaa cha sanamu ya Mtakatifu Yosefu, kule pembeni gizani. Yeye hubana vitambaa kwa ndani, pini haionekani. Kile kilikuwa kimefungwa fundo kwa nyuma, kama mtu anavyofunga mzigo. Akainua pindo. Amplifaya ilikuwa pale miguuni pa Yosefu, inangoja watu wasahau ili itolewe. Na lile fundo dada alilijua, kwa sababu yeye ndiye aliyemfundisha mtu kulifunga.

Jamani, kijana yule alifikiria kila kitu. Alifikiria lango, alifikiria mlinzi, alifikiria kwamba hakuna Mkristo atakayefunua kitambaa kabla ya Pasaka. Alichosahau ni nani anayevibana.

Dada alinieleza baadaye kwamba alikaa kwenye benchi mpaka miguu ikafa ganzi. Angeweza kunyamaza. Angeweza kumvuta mtoto sikio, kitu kikarudishwa kimyakimya. Lakini mzee alikuwa ndani, anapigwa. Akaenda kwa padri akasema, kisha akaenda mwenyewe kituoni akasema tena. Mzee akatoka. Mtoto akaingia. Akahukumiwa miaka miwili, na siku anapandishwa gari alimwangalia mama yake mara moja tu, akageuza uso.

Sasa ungetegemea watu wangefanya nini? Ungetegemea wangesema, huyu mama ana moyo, tumshike mkono. Thubutu! Wiki haijaisha, mwenyekiti akaja na kapu kuchukua vitambaa vya altare. Eti baraza limeona si vizuri. Mama wa mwizi asishike vitu vitakatifu. Padri alijua, akanyamaza. Yule mzee mlinzi akahama bila hata kusema asante. Na dada alivitoa vile vitambaa kabatini vimekunjwa vizuri, akavipanga kwenye kapu, akamwambia mwenyekiti kile cha juu kimeshonwa pindo upya, wasikivute. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, damu inanichemka, natafuta cha kurusha.

Halafu kuna huko gerezani. Kila siku ya wageni, dada aliomba ruhusa kazini akaenda na kikapu: chakula, sabuni, nguo. Na kila mara askari alikwenda ndani akarudi peke yake. "Mama, amesema hatoki." Siku moja nilimsindikiza nikaona kwa macho yangu. Tulipanga foleni juani, tukapekuliwa hadi kwenye nywele, tukafika dirishani, tukaambiwa hatoki. Na chakula hataki. Dada akamwambia askari, "Mwambie nilikuja," akageuka. Mimi nikamwambia askari amwambie mengine. Dada akanivuta kwa mkono.

"Huyo mtoto anakupanda kichwani," nikamwambia njiani. "Amekosa yeye, anakasirika yeye! Wewe unakwenda kutafuta nini?"

"Mwanangu yuko mle," akasema. Basi.

Mwaka huu, siku chache baada ya ile Jumatano ya majivu, askari alimpa habari mbili. Ya kwanza, kijana anatoka kabla ya Pasaka. Ya pili, ameshasema harudi nyumbani. Akitoka anapanda basi kwenda kwa baba yake, kule kule alikohamia, na hataki tena kuonana na mama. Dada alinieleza hayo akiwa anakunja shuka lake mwenyewe, peke yake, anashikilia pembe kwa kidevu. Nikamuuliza atafanya nini. Akasema atakwenda langoni siku hiyo. Akipanda basi, amempoteza, na anajua. Lakini atakuwa langoni.

Wakati huohuo, kila Ijumaa alikuwa anakwenda kwenye Njia ya Msalaba kwa watu walewale waliomruka. Ya kwanza alikwenda kwa fundi viatu. Ya pili, kwa nesi, alipita mbele ya mlango wake mwenyewe, umefungwa, hauna mshumaa wala mkeka, akaingia nyumba inayofuata akakaa nyuma kabisa karibu na ndoo. Nami nikakaa kando yake. Nilikuwa nimejiapiza sitafungua mdomo isipokuwa kuitikia.

Tukaenda vizuri mpaka kituo cha nne. Kituo cha nne ni pale Yesu amebeba msalaba anakutana na mama yake njiani. Mwenyekiti ndiye aliyekuwa anaongoza, ameinua picha ya karatasi ya kituo hicho. Akaanza kueleza uchungu wa mama yule: mtoto wake wa pekee amefungwa, amehukumiwa, watu wanamzomea, na mama anamfuata tu, hana la kufanya. Alieleza vizuri, siwezi kumnyima hilo. Akina mama wakaanza kuvuta kamasi. Nesi akajifuta macho kwa kanga. Mwenyekiti mwenyewe sauti ikamkatika.

Nikasimama.

"Mnamlilia nani?" nikauliza.

Wakageuka wote.

"Nauliza, mnamlilia nani? Huyo wa kwenye picha? Mwanawe alikuwa mfungwa, siyo? Alihukumiwa, siyo? Angekuwa anakaa kichochoro hiki mngemruka! Mngemwambia apumzike! Mngemletea kapu arudishe vitambaa! Mama wa mfungwa mnaye hapa, amekaa karibu na ndoo, mmemwacha aje mwenyewe kwa miguu yake, na machozi yenu mnayamwaga kwenye karatasi!"

Mwenyekiti akaishusha ile picha. Nami nilikuwa ndiyo kwanza napata moto, nina mengine mengi, nikahisi mkono umenishika kiwiko. Dada. Amesimama, uso umekunjamana, mara ya kwanza namuona na kunyanzi.

"Endeleeni, akina mama," akasema. "Kituo cha tano." Akanitoa nje kama mtoto aliyelia kanisani.

Nilidhani tukifika kwake atanishukuru. Akafunga mlango, akanigeukia.

"Nani kakutuma?"

"Mtu anatumwa kumtetea dada yake?"

"Umenitetea, au umejifurahisha? Mimi nimekaa na wale watu miaka miwili, najua wanavyoniangalia. Nilikuwa nasali. Umenikatiza."

"Unasali nini, dada?" Nami nikapandisha. "Niambie, unasali nini? Umesema kweli, ukavuna hayo. Mtoto hakutaki. Kanisa halikutaki. Na kila siku upo huko unapiga magoti, huna hata hasira! Mtu asiye na hasira kwa mambo kama haya ana kasoro!"

Akacheka. Siyo kicheko kizuri.

"Sina hasira? Mimi?" Akavuta kiti akakaa kwa nguvu. "Wewe ukikasirika mtaa mzima unajua. Mimi, nikiamka asubuhi, kabla sijanawa uso, namwambia Mungu maneno ambayo ukiyasikia utaziba masikio. Namuuliza, nilisema kweli, mzee wa watu akatoka, wangu akaingia, ndiyo malipo yenyewe hayo? Uliniona nimekaa kwenye benchi lile, hukuweza kunipa njia nyingine? Namgombeza mpaka nachelewa kazini."

"Sasa yeye anakujibu nini?"

"Hajibu."

"Sasa?"

"Sasa nini? Kesho naenda tena. Mtu asiyekupenda humgombezi kila siku, unamwacha na mambo yake. Huyu najua ananipenda, ndiyo maana nina haki ya kumuuliza. Hajaniacha, mdogo wangu. Nimemtukana na bado yupo. Na mimi sihami."

"Na mtoto?"

"Mtoto ni hivyohivyo." Sauti ikamshuka. "Angekuwa hanijali, angetoka, angekula nilichobeba, angeniaga vizuri nirudi nyumbani. Anakataa kwa sababu akiniona atalia. Hiyo ndiyo hesabu yangu. Labda nimekosea."

Niseme ukweli, maneno yale yalinikera. Nilitaka alie nimbembeleze, au akasirike twende wote kwa mwenyekiti. Nilikwenda nyumbani nikawachana wateja kwa nguvu siku mbili nzima. Mmoja aliniambia, "Dada, hicho ni kichwa, siyo mkeka." Lakini usiku nilijaribu kusali kama yeye. Nikamwambia Mungu, ukimnyima huyu mtoto wake, mimi na wewe basi. Nikangoja kitu kinipige. Hakuna kilichonipiga.

Siku ya kutoka ikafika. Tulikuwa langoni jua halijapanda. Lile lango la gereza ni kubwa, lakini wanatolea watu kwenye kijimlango kidogo pembeni, mpaka uiname. Ng'ambo ya barabara mabasi yanasimama, na kondakta wa basi la ule mji wa baba yake alikuwa anaita abiria na kupiga bati kwa kiganja. Kila akipiga, dada alikuwa anafumba macho.

Wakatoka watu, mmoja mmoja, kila mtu na mfuko wake wa plastiki. Halafu akatoka yeye. Amekonda. Ana ndevu. Akanyoosha mgongo, akatuona, akatupita kama anavyopita nguzo za umeme, akaelekea ng'ambo kwenye basi.

Nilitaka kumrukia. Dada akaanza kumfuata, hakimbii, hamwiti, anatembea tu nyuma yake. Kijana alipofika kwenye ngazi ya basi akageuka ghafla.

"Unanifuata nini?" Akapiga kelele mpaka kondakta akanyamaza. "Uliniuza! Mama gani anampeleka mwanawe polisi?"

"Mama wa mwizi!" Dada naye akalipuka. Sijawahi kuisikia sauti ile maishani mwangu. "Ulitaka yule mzee afie mle kwa ajili yako? Ulisimama pale ukatikisa kichwa, mwongo mkubwa! Nilikulea hivyo?"

"Ungenificha!"

"Nikufiche wapi? Miguuni pa Yosefu?"

Abiria walishatoa vichwa madirishani. Askari wawili walikuwa wamesimama langoni wanatazama kama sinema. Mimi nikasema, "Mwambie, dada, mwambie!" na yule kijana akanikata jicho: "Na wewe mama mdogo hayakuhusu!" Nikamwambia yananihusu kuliko anavyofikiri.

"Mbona ulikuwa unakuja?" akamuuliza mama yake. "Kila siku ya wageni nakataa, kila siku ya wageni unakuja. Wenzangu wakawa wananicheka, mama yako king'ang'anizi. Umenipeleka mwenyewe, halafu unakuja! Ulikuwa unataka nini?"

"Nilikuwa na neno lako."

"Neno gani?"

Dada alikuwa anahema. "Kwamba nimekukasirikia," akasema. "Nilitaka ulisikie kwangu, usoni, siyo kwa askari. Nimekukasirikia miaka miwili, sijalala vizuri hata siku moja, na sijakuacha. Yote mawili. Uyachukue pamoja. Ukitaka kwenda kwa baba yako nenda, lakini yachukue."

Kondakta akaona amechoka na mambo yetu. "Kijana, unapanda hupandi?"

Kijana akalitazama basi. Akatazama mfuko wake. Akakaa chini pale pale kwenye ukingo wa barabara, magoti yamefika kifuani, mtu mzima na ndevu zake. Basi likapiga honi, likaondoka na vichwa vyake madirishani.

"Baba hajui hata kama nimetoka," akasema, haangalii mtu. "Hakuwahi kuja. Hata mara moja." Mabega yakaanza kumcheza. "Mama, nina njaa."

Mimi hapo machozi yalishanitoka, nikawa nangoja dada amkumbatie, na mimi nimkumbatie, na yaishe. Dada hakumkumbatia.

"Njaa!" akasema. "Miaka miwili nakubebea chakula unakirudisha, leo unaniambia njaa! Simama!"

Akasimama.

"Tangulia," dada akasema. "Tembea mbele yangu, nikuone."

Akatangulia, na dada akamfuata nyuma akimgombeza njia nzima mpaka tukafika nyumbani.